Wino wa Jana

Picha ya mwisho ya marehemu Cheng Boyan ilikaa zaidi ya siku sabini ndani ya bomba la mwanzi juu ya kabati, na mjane wake, Bao Yunzhi, hakuwa na ujasiri wa kuitoa wala raha ya kuiacha. Ilikuwa picha ya yungiyungi: ua moja, majani mawili yaliyoanza kukauka, na bua lililovunjika likainamisha kichwa chake chenye mbegu kuelekea majini. Maji yenyewe hayakuchorwa. Boyan hakuwahi kuchora maji maishani mwake. Aliiacha karatasi tupu, na mtazamaji akajilowanisha mwenyewe.

Siku ya sabini na tisa ya msiba Yunzhi alilishusha lile bomba, akalifunga kwa shali, akatoka nalo mlangoni. Alitaka kwenda peke yake. Alikuwa ameipanga safari hiyo kwa wiki nzima, na maneno atakayomwambia fundi Jiang alikuwa ameyarudia kichwani mpaka yakapoteza chumvi. Lakini wifi yake Guifen, mdogo wake marehemu, aliyeishi vyumba viwili vya upande wa kisima, alikuwa na masikio ya paka.

"Unakwenda kwa fundi," Guifen alisema. Tayari alikuwa amevaa koti.

"Baki, wifi. Ngazi zina barafu."

"Nibaki na nani, na kuku? Picha ni ya kaka yangu. Twende."

Basi wakashuka wote wawili zile ngazi za mawe, Yunzhi mbele akiwa ameukumbatia mwanzi wake, Guifen nyuma akibangua mbegu za tikiti na kutema maganda kila hatua, kama mtu anayeweka alama asije akapotea njia ya kurudi.

Siku ya mia ilikuwa inakaribia. Siku hiyo ukoo mzima ungekuja, uvumba ungewashwa, na wanafunzi wa marehemu, ambao sasa nao walikuwa na vipara na wanafunzi wao, wangetaka kuiona kazi yake ya mwisho ukutani. Na picha ya karatasi peke yake haitundikwi. Karatasi yetu ya huku ni laini na inakunywa. Ukiichora hunyauka na kujikunja, na mpaka ivishwe ndipo inapopata sura. Fundi huilowanisha kwa gundi ya ngano, akaibandika karatasi nyingine mgongoni, akaizungushia hariri, akaitia mti juu na mti chini. Picha isiyovishwa ni sawa na bwana harusi aliyetoka bafuni.

"Au ulitaka uibandike kwa pini?" Guifen alikuwa amemuuliza mwezi uliopita. "Kama tangazo la chanjo?"

"Mwenyewe alisema isivishwe."

"Alisema lini?"

"Siku ile ile alipoichora. Alisema, hii usiivishe, iache uchi hivi hivi."

"Homa hiyo," Guifen alisema. "Siku ile ile si alimwita jogoo kwa jina la marehemu mama?"

Hilo lilikuwa kweli. Yeye mwenyewe alidhani mumewe alisema vile kwa unyenyekevu, kwa sababu mkono ulikuwa umemtetemeka na hakuipenda kazi yake. Jambo alilolijua, na ambalo hakumwambia Guifen wala mtu mwingine yeyote, lilikuwa jingine. Lilikuwa ndani ya wino.

Yunzhi hakujua kuchora hata kidole. Kazi yake ilikuwa kusaga wino. Aliolewa akiwa na miaka ishirini na miwili, na asubuhi ya tatu mama mkwe alimwekea mbele jiwe jeusi lenye shimo la kina kifupi, mche wa wino wenye urefu wa kidole, na kijiko cha maji ya kisima. Akamwambia azungushe taratibu, mche ukiwa wima, na kama ana hasira akae kwanza mpaka zimtoke, kwa sababu hasira huingia kwenye wino na kuufanya uwe na chembe. Tangu hapo, kwa miaka thelathini na minane, kila asubuhi baada ya uji alikaa dirishani akazungusha. Mwanzoni sauti ilikuwa ya mchanga unaoburutwa. Baadaye ikawa ya hariri inayopita juu ya hariri. Sauti ikitoweka kabisa, wino umeiva. Hapo ndipo harufu ilipopanda: moshi wa msonobari, ngozi ya ng'ombe, na kafuri. Ndoa yake yote ilinukia hivyo. Nguo zake, nywele zake, hata watu walipokutana naye sokoni walijua anatoka kwenye nyumba gani.

Boyan alikuwa akija, anachovya ncha ya brashi, anailamba. Wachoraji wengi hulamba brashi ili ncha ikae vizuri, lakini yeye alilamba kama mpishi. Alifumba mdomo, akatazama dari, kisha akasema "Bado" au "Haya." Ndiyo hayo tu. Katika miaka yote hiyo, kabla hajaugua, mara tatu alisema "Wino mzuri," na Yunzhi angeweza kukutajia mwaka, msimu, na alichokuwa amevaa.

Na kila jioni kilichobaki kwenye jiwe kilimwagwa, jiwe likaoshwa. Wino wa jana haurudiwi. Gundi ya ngozi iliyomo huoza ikilala, hasa siku za joto, na ukichora kwa wino huo hukauka ukaonekana mzima, tena mzuri, lakini haushiki karatasi. Maji yakiugusa, unakwenda. Mtoto wa nyumba kama ile hujua jambo hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Sasa sikia kilichotokea. Boyan aliugua tumbo miezi mitatu. Mwezi wa nane, joto likiwa bado limeng'ang'ania, siku moja aliomba wino, na Yunzhi akamsagia nusu saa nzima. Alipomaliza, mgonjwa alikuwa amelala, brashi iko kifuani. Mchana ule hakuamka sawasawa, na tangu magharibi alianza kutapika. Yunzhi akakesha na beseni mkononi mpaka kukucha, na hakuna aliyekumbuka jiwe.

Asubuhi Boyan aliamka na macho maangavu. Alitazama ua la mwisho la bwawani ambalo mkewe alimkatia na kumwekea kwenye ndoo karibu na kitanda, akalitazama muda mrefu, kisha akasema, "Wino."

Yunzhi aligeukia dirishani. Jiwe lilikuwa pale pale, na wino wa jana ulikuwa umefanya utando juu. Alijiambia kwamba kusaga upya ni nusu saa, na mtu huyu hana nguvu ya nusu saa ya kusubiri. Hiyo ilikuwa sababu ya kweli. Lakini kulikuwa na sababu nyingine, nayo ilikuwa ya kweli pia: alikuwa amechoka, na alidhani mumewe hatajua. Sababu hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa ikimtafuna hadi leo. Akatia kijiko cha maji, akauzungusha mche mara chache ili sauti isikike mpaka kitandani, akampelekea. Wino ulinuka, lakini chumba kizima kilikuwa kinanuka dawa na maji ya bwawa.

Boyan akachovya, akalamba. Safari hii hakutazama dari. Alimtazama mkewe, akamtazama sana.

"Wino mzuri," alisema.

Kisha akachora. Yunzhi alimshika kiuno asianguke, kwa hiyo aliiona picha ile ikizaliwa kutoka juu ya bega lake. Brashi ilijaa maji, ncha tu ikiwa na weusi, akailaza ubavu juu ya karatasi, na jani likafunguka lenyewe kutoka weusi wa mvua hadi kijivu cha pumzi. Karatasi ilikunywa, ukitega sikio ulisikia. Ua hakulitia wino kabisa ila mstari mmoja mwembamba pembezoni mwa kila petali, na weupe uliobaki ndani ulikuwa na uzito wake, ukatamani kuuweka mkono chini yake kuupokea. Ungeapa kuwa kuna wekundu kidogo kwenye ncha, na hapakuwa na rangi yoyote pale. Harufu ya lile ua la kwenye ndoo ilikuja kama iliyochelewa, na Yunzhi hakujua tena inatoka kwenye ndoo au kwenye karatasi.

Alipoiweka brashi chini na kugonga muhuri wake mwekundu wa mafuta pembeni, alisema lile neno la kutoivisha. Siku tatu baadaye alikufa.

Wanafunzi walipokuja msibani waliiona ikiwa imelazwa mezani, wakaizunguka. Weusi kama ule hawakuwahi kuuona kwake, walisema. Kwenye kingo za majani kulikuwa na chembe ndogo ndogo, kama vumbi lililotulia chini ya maji. Walisema mwalimu alikuwa amepata siri mpya ya uzeeni. Mmoja wao, mtu mzima mwenye miwani, aliinamia mikono ya Yunzhi na kusema, "Na wino wa mama." Guifen alikuwapo. Guifen, ambaye kwa miaka thelathini na minane alisema kaka yake angeweza kununua punda wa kuzungusha kinu na nyumba ingekuwa na kelele pungufu, siku hiyo hata yeye alisema, "Ni kweli. Huo ameusaga." Yunzhi aliinama na kuipokea ile sifa kwa mikono miwili. Alikuwa mjane wa siku mbili, na hakuwa na kitu kingine cha kupokea.

Ndiyo maana alitaka kwenda kwa fundi peke yake. Picha iliyochorwa kwa wino wa jana inaweza kuokolewa. Fundi akiambiwa mapema ataiweka kwenye mvuke siku tatu, ataipulizia maji ya shabu na gundi nyepesi, wino utashika, kisha ataivisha kama nyingine. Alihitaji kusema sentensi moja tu. "Fundi, wino huu ulilala." Maneno manne. Lakini ayaseme mbele ya Guifen?

Karakana ya Jiang ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye meza nyekundu iliyong'aa kama ndani ya bakuli, na kuta zake nne zilibandikwa picha za wateja zikikauka. Kulinukia gundi ya ngano iliyochachuka kidogo na pilipili anayoitia ndani kufukuza wadudu. Jiang alikuwa amevisha picha za Boyan tangu wote wawili wana nywele nyeusi. Mikono yake ilikuwa imekunjamana kwa maji kama ya dobi.

"Shemeji," alisema, akainuka. "Nimekungoja. Nilijua utakuja. Na wewe, Guifen, hayo maganda yako yabaki nje."

"Nitayameza, usijali," Guifen alisema, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango akaendelea kubangua.

Jiang aliifungua picha. Aliituliza pembe nne kwa vipande vya mbao, akasimama. Maji yalikuwa yakichemka kwenye jiko la pembeni. Kisha fundi alisogeza pua yake karibu na karatasi, akavuta pumzi, kama mtu anayetaka kujua ua hili limechumwa lini.

"Mshenzi huyu," alisema polepole. "Anakufa, na anachora hivi."

Akaukwaruza ukingo wa jani kwa ukucha, hewani, bila kugusa. "Weusi huu una chembe."

Yunzhi alisogea mezani. "Fundi, nina neno," alisema.

"Sema, shemeji."

Mbegu ikapasuka kule mlangoni. "Neno gani tena?" Guifen aliuliza. "Usianze hadithi ya kuiacha uchi. Tumeshaelewana."

Yunzhi alitazama meza. "Pembe ya kulia," alisema. "Kuna mkunjo. Uiangalie."

"Nimeuona." Jiang alichukua kitambaa cheupe, akakichovya kwenye bakuli la maji, akakikamua. Kila fundi hufanya hivyo: anagusa sehemu yenye weusi mwingi kwa kitambaa chenye unyevu aone kama kitatoka na doa. "Wino ni wa siku ile ile, shemeji? Nauliza tu. Desturi."

"Labda alilala nao," Guifen alisema, akacheka mwenyewe. "Mbona unamuuliza? Kitu kimoja anachokijua duniani ni hicho. Mnyang'anye na hicho, abaki na nini?"

Hakusema kwa ubaya, ukizingatia jinsi Guifen anavyosema akiwa na ubaya. Lakini yalimwingia Yunzhi mahali pabaya. Alihisi uso ukimwaka, akahisi miaka yake yote thelathini na minane imekaa kwenye kile kitambaa, inasubiri kupimwa mbele ya huyu mwanamke na maganda yake.

"Fundi Jiang," alisema, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza kwa utulivu. "Umevisha ngapi za mume wangu?"

"Mia nne. Zaidi."

"Umewahi kuona wino wangu ukikimbia?"

"Hata mmoja."

"Na leo unanipima?"

Jiang alikitazama kitambaa mkononi mwake, akaona haya. "Nisamehe, shemeji. Uzee huu. Mkono unafanya bila kuuliza kichwa." Akakitupa kitambaa kwenye ndoo.

Naam. Ungekuwa pale ungetamani kumshika bega na kumtikisa. Yeye mwenyewe alitamani mtu amtikise. Aliiona ile picha ikigeuzwa kifudifudi juu ya meza nyekundu. Aliona Jiang akichukua brashi pana ya manyoya ya mbuzi na bakuli la maji. Bado ilikuwa inawezekana. Sentensi ilikuwa mdomoni, imekaa juu ya ulimi. Alijiambia, pengine haukuoza sana. Alijiambia, siku themanini na kitu ni nyingi, umekauka vya kutosha. Alijiambia, akimaliza kulowanisha pembe ile nitasema. Pembe ikaisha, na fundi akahamia katikati.

Karatasi ilipolowa ikawa kama haipo. Picha ilipenya kutoka upande wa pili, na kwa sababu ya unyevu ikarudi vilevile ilivyokuwa asubuhi ile: majani yenye mvua, bua jeusi linalong'aa, ua jeupe lenye uzito wake. Na harufu ikapanda, ya kafuri, ikajaa karakana. Yunzhi aliinamia meza. Kwa kitambo kidogo cha kuvuta pumzi mara mbili alimshika tena Boyan kiunoni, akahisi mbavu zake kupitia fulana, na alifurahi. Nasema alifurahi kabisa, akasahau kila kitu, na hilo ndilo baadaye hakuweza kujisamehe hata kidogo.

Kisha ukingo wa jani ukatembea.

Mwanzoni ulitembea unene wa uzi. Jiang akasimamisha mkono. Uzi ukawa kidole. Kijivu kikatoka kwenye jani la kushoto, kikavuka mahali ambapo palikuwa maji yasiyochorwa, kikaingia kwenye petali ya kwanza. Jiang alinyakua karatasi kavu, akaitandaza juu, akaikandamiza kwa viganja, akaiinua, na jani zima likaja nayo, jeusi, kinyumenyume. Akachukua nyingine, na nyingine. Alihema tu kama anayebeba mzigo ngazini. Petali ya pili ikaenda. Bua likayeyuka, kichwa chenye mbegu kikawa doa. Sehemu ya mwisho kuondoka ilikuwa ncha ya ua, ile ambayo ungeapa ina wekundu, na ilipofunikwa hapakuwa na picha tena, palikuwa na wingu.

Kule mlangoni mbegu zilikuwa zimenyamaza.

"Ni mimi," Jiang alisema. Alikuwa ameshikilia ile brashi ya mbuzi na maji yalikuwa yakimtiririkia kwenye mkono wa koti. "Nimetia maji mengi. Mkono umekufa huu. Shemeji, nimemuua rafiki yangu mara ya pili." Akaanza kulia, mzee wa miaka sabini, bila kujifuta.

"Fundi gani wewe," Guifen alisema, sauti ikipanda. "Miaka arobaini kazini, hujui kipimo cha maji?"

"Mwache," Yunzhi alisema.

"Nimwache? Kaka yangu..."

"Wino ulilala." Yakatoka hivyo, mepesi kabisa, maneno yaliyokuwa mazito kama mawe dakika tano tu zilizopita. "Ulikuwa wa jana. Nilitia maji nikazungusha mara chache asikie sauti. Fundi hana kosa."

Jiang alikaa kwenye ukingo wa ndoo. Alisema kwa upole, na upole wake ndio uliouma, "Neno moja, shemeji. Ningeiweka kwenye mvuke. Ningeipulizia shabu. Neno moja tu."

"Najua."

"Alilamba brashi?"

"Alilamba."

"Basi alijua." Jiang alitikisa kichwa. "Yule mtu alikuwa anaweza kulamba akakuambia mche wa wino umetoka kijiji gani. Alijua."

"Hakujua," Yunzhi alisema haraka. "Mdomo wake ulikuwa umekufa kwa dawa. Hata chumvi alikuwa haisikii. Alisema wino mzuri. Angejua, angesema hivyo?"

Guifen aliinuka kwenye kigoda. Alikuja mpaka mezani, akalitazama lile wingu, na uso wake ulikuwa umezeeka ghafla. "Ndiyo maana alisema usiivishe," alisema. "Hakuwa na homa. Nilikuambia ana homa."

Yunzhi angepata nafuu kama wifi yake angemtukana. Alisubiri atukanwe. Guifen alimfunga vizuri shingoni ile shali ya bomba, akamtoa maganda mawili ya mbegu yaliyokuwa yamenasa kwenye mkono wa koti lake, na hilo lilikuwa baya kuliko tusi lolote.

"Niimalize au niitupe?" Jiang aliuliza.

"Imalize," Yunzhi alisema.

Siku ya mia watu walikuja. Uvumba ukawashwa, tofu na mchele na mvinyo vikawekwa mbele ya kibao chenye jina la marehemu, na ukutani ilining'inia picha ya mwisho ya Cheng Boyan, ikiwa na hariri ya rangi ya majivu na mti juu na mti chini, muhuri wake mwekundu peke yake ukiwa mzima kwenye pembe. Wanafunzi waliokuwa wameiona mezani msibani walisimama mbele yake wakakunja uso, wakatazamana, lakini nani angethubutu kuuliza siku kama ile? Wale ambao hawakuwahi kuiona waliisifia. Walisema ni ukungu wa bwawani kabla ya jua. Walisema mwalimu alifika mahali ambapo ua halina haja ya kuonekana. Yule mwenye miwani alitazama sana, kisha akaja kwa Yunzhi, akainamia mikono yake kama mara ya kwanza, lakini safari hii hakutaja wino. Guifen alizunguka akimimina chai, na siku nzima hakumchokoza mtu hata mmoja.

Walipoondoka, jua likiwa bado kwenye ua wa ndani, Yunzhi aliingia chumba cha kazi. Jiwe lilikuwa dirishani. Hakuwa ameligusa tangu mwezi wa nane. Hakuwa na uso wa kuliosha. Wino wa siku ile ulikuwa umekaukia shimoni, umepasuka vipande vipande kama tope la bwawa lililokauka. Gundi ikikauka haiendelei kuoza; ulikuwa wino ule ule.

Lilikuwa limebaki jambo moja tu la kumshikilia. Mdomo wa Boyan ulikuwa umekufa. Hakuhisi kitu. Alilamba, hakuhisi, akausifu wino kwa moyo wake wote, na ile sifa ya nne ilikuwa ya kweli kama zile tatu. Na lile neno la kutoivisha, basi, lilikuwa neno tu la mgonjwa, kama lile la jogoo. Kwa siku ishirini na moja tangu siku ya karakana Yunzhi alikuwa akila na kulala juu ya wazo hilo, na hakuwa na jingine.

Alitia kijiko cha maji. Akazungusha mche mara chache, kama alivyofanya asubuhi ile, idadi ile ile. Akachukua brashi ya mumewe, akachovya ncha, akailamba.

Harufu ilimfikia kabla ya ladha, ya ngozi iliyooza kwenye maji, na ilimpanda puani hata akafumba macho. Kisha ladha ikaja. Hapakuhitajika mdomo wa fundi. Hapakuhitajika hata mdomo mzima. Mtu mwenye homa, mtu aliyekula dawa miezi mitatu, mtoto wa kunyonya angeitema mara moja na kulia. Boyan aliifumbia mdomo, akaimeza, akamtazama mkewe aliyechoka, akamwambia wino mzuri.

Kutoka ua wa ndani Guifen alimwita aje anywe chai kabla haijapoa. Yunzhi alikuwa amekaa dirishani, mdomo umejaa weusi, na alishindwa kuutema, na alishindwa kuumeza.